Nani Alimlilia Ildephonse?

Shemeji yangu Libérat Ngendakumana hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayosimulia hayatamsaidia, na sitaki wajukuu wake waje kunisuta kwamba nilianza na matusi. Hakuiba, hakumpiga dada yangu, hakulewa kuliko majirani zake. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Hakuweza kuona kitu kimefungwa asitake kujua ndani kuna nini, wala kumwona mtu anapita asimwulize anatoka wapi, anakwenda wapi, na kwa nini hakupita njia ile nyingine. Pale kwetu Sange watu walimwita Papa Juu-ya-Nini, yaani Baba Kwa-Nini. Hata padri alimwita hivyo siku moja kwa kuteleza, wakati wa kugawa komunyo.

Alikuwa mkulima wa mpunga. Lakini ilipokuja vita ya pili, ile ya mwaka wa tisini na nane, mashamba ya kule chini karibu na mto Ruzizi yalibaki ya askari na viboko, na wakulima wengi wakakaa mikono mitupu. Wengine walihamia kwenye muhogo, wengine wakachoma makaa. Libérat alihamia barabarani. Asubuhi alibeba kiti chake, akakiweka kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, akaanza kazi ya kuuliza. Basi dogo la kutoka Uvira, kwa nini lina gurudumu moja bovu na matatu mapya? Mfuko huu una nini? Yule mama mjamzito ni wa mwezi wa ngapi? Ukimwambia hayo si mambo yake, alikujibu kwa upole, "Kuuliza si ujinga." Ni kweli, si ujinga. Ila hata mjinga hupumzika.

Aliyelisha nyumba ile ni dada yangu Marie-Jeanne, mshonaji. Mashini yake ya kwanza ilichukuliwa katika vita ya tisini na sita, mbele ya macho yake, na kijana mwenye bunduki ambaye hakujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Ya pili, ya kuzungusha kwa mkono, aliipata kwa kuuza kipande cha shamba la ndizi alichoachiwa na baba yetu. Hapakuwa na kipande kingine. Mashini hiyo ikipotea, basi: watoto wanne, mume wa barabarani, na mwanamke mmoja mwenye sindano ya mkono.

Kwa hiyo tulipoambiwa mwezi wa nane kwamba askari wanakuja tena, hatukufanya ujinga wa mara ya kwanza. Vita ya kwanza tulifukia vitu chini ya vitanda, na askari, ambao nao walizaliwa na mama wenye akili, wakachimba chini ya vitanda. Mara hii watu walivizika vitu vyao. Unachimba kaburi, unalaza kitu chako ndani, unapanga udongo juu vizuri, unasimamisha msalaba wenye jina. Askari atachimba jikoni, atachimba hata pembeni ya choo, lakini akifika kwenye msalaba anapita. Wengine wanavua kofia.

Mimi na Marie-Jeanne tuliizika mashini nyuma ya nyumba yangu, ukingoni mwa shamba la muhogo, imefungwa kitenge na juu yake turubai. Libérat tulimtuma kutafuta mbuzi ambaye hakuwa amepotea. Ubao wa msalaba nilipewa na Candide, katekista wetu, aliyekuwa na vipande vya bansi, yaani madawati ya shule. Askari wa vita ya kwanza walizipasua bansi hizo kwa kuni, yeye akaokota mabaki. Jina tulilitafuta kwa makini: lisiwe la mtu yeyote wa Sange, asije mtu kumlilia. Tukaandika Ildephonse.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu hakuna mtu anayekufa peke yake. Akifa mwizi, analiliwa. Akifa mgeni asiyejulikana ametoka wapi, wanawake wawili watatu watakaa chini wamlilie, moto utawashwa, maharagwe yatapikwa, watu watakuja kukaa siku zao za matanga. Kaburi bila matanga ni kama nyumba bila mlango. Mtu lazima asimame kuangalia. Na mtu wa kusimama tulikuwa naye, ndani ya ukoo.

Tulikaa milimani majuma matatu. Libérat alipouliza mashini iko wapi, dada yangu alimwambia askari wameichukua njiani. Mke mwingine angeishia hapo. Yeye aliulizwa askari walikuwa wangapi, aliyeibeba aliibeba kichwani au begani, alikuwa mrefu au mfupi. Jioni ilipofika, maskini dada yangu alikuwa amemzaa mwizi mzima, mrefu, mweusi sana, mwenye kovu kwenye shavu la kushoto. Libérat alimliwaza kwa moyo wote. Akamwapia kwamba siku moja atalitafuta kovu hilo.

Tulirudi Sange askari wakiwa wametulia pale na bariyeri yao, kizuizi cha kukagua wapita njia, katikati ya barabara. Siku ile ile ya kurudi, kabla sijafukuza popo ndani ya nyumba yangu, shemeji alikuwa amesimama shambani.

"Damien, nani alikufa kwako?"

"Mupita njia," nikasema. "Tulimukuta mu barabara siku ya kukimbia."

"Alikuwa anatoka wapi?"

"Sikumuuliza. Alikuwa amekufa."

"Sasa jina yake mulijua namna gani?"

"Iliandikwa mu karte yake ya kujitambulisha."

"Hiyo karte iko wapi?"

"Tulimuzika nayo."

Alitikisa kichwa polepole. "Hawazikaka muntu na karte yake, shemeji. Na matanga?"

"Ilikuwa vita, Libérat."

"Weye ulipata wakati ya kutengeneza musalaba muzuri hivi, ukakosa wakati ya kupika maharagwe?"

Lazima mjue kwamba katika miaka ishirini Libérat hakukosa matanga hata moja, kuanzia Sange mpaka Katogota. Huko maswali hupatikana bure, pamoja na chakula. Mtu kufa na kuzikwa bila yeye kula maharagwe yake, aliona amedhulumiwa.

Kisha akainama kusoma msalaba. Mimi nilikuwa nimeandika jina upande wa mbele kwa rangi. Upande wa nyuma sikuutazama. Huko mwanafunzi mmoja wa zamani alikuwa amechonga kwa kisu: *Directeur wetu iko na*. Basi. Ubao ulikuwa umekatwa hapo.

"Iko na nini?" akauliza Libérat.

Hakuniuliza mimi, aliuliza ulimwengu. Na alikuwa tayari kuutembea wote apate jibu.

Alilipata siku ya tatu, uani kwa Candide. Katekista alikuwa na makaburi mawili mafupi karibu na mpapai. Kwa kuwa naye alitafuta majina ambayo hayana mwenyewe pale Sange, alikimbilia Biblia: kaburi moja aliliandika Habakuki, la pili Sefania. Libérat alizunguka nyuma ya Habakuki, akasoma, akaanza kucheka kwa sauti mpaka mke wa Candide akatoka na mwiko mkononi. Ubao ulisema: *kichwa ya kiboko*.

Mtu mwingine angefurahi sentensi imetimia, akaenda nyumbani. Yeye alifuta machozi ya kicheko na kuuliza, "Katekista, huyu Habakuki ni mutoto wa nani?"

Candide alikuwa amefundisha amri ya nane, usiseme uongo, kwa miaka kumi na sita na uongo ulikuwa mgeni kinywani mwake. "Ni nabii," akasema.

"Najua ni nabii. Lakini alikufa hapa Sange?"

Candide alikumbuka kwamba kuna mgonjwa wa kwenda kumwona.

Kutoka hapo Libérat hakutafuta tena mashairi ya wanafunzi, alitafuta mbao. Bansi ya shule ukiijua moja umezijua zote. Aliona kipande chenye tundu la chupa ya wino kwa mama Léocadie, mwuza chumvi na sabuni, kikiwa kimesimama juu ya kaburi lililoandikwa: *Bertrand, mume mpendwa*. Bertrand huyo tulimjua wote. Alikuwa mzima, ananenepa kule Uvira kwa mwanamke mwingine, na hapo Sange hapakuwa na mtu aliyewahi kumwita mpendwa, hasa Léocadie. Nadhani kumzika kulimpa raha kidogo, na sioni ubaya. Lakini Libérat aliona kitu kingine. Ulikuwa bado mwezi wa kiangazi, ardhi yote ya bondeni imepasuka kwa ukavu, na kaburi la Bertrand lilikuwa limelowa. Akachovya kidole kwenye udongo, akakilamba.

Fikirini jambo hili. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, amechuchumaa analamba kaburi la mume wa mtu.

Ilikuwa chumvi, nayo chumvi huvuta maji hata kiangazi. Siku hiyo alikuja kwangu anatembea upesi, uso unang'aa. Alikuwa amefahamu mambo yote. Akanieleza kama vile mimi nilikuwa mgeni wa shughuli: kwamba watu wa Sange wamezika mali zao, kwamba mbao zimetoka kwa Candide, kwamba dalili yake ni kukosa matanga. "Na Ildephonse yako," akaninong'oneza, "iko na nini ndani?"

"Mabati," nikasema. Nilimwangalia machoni niliposema, maana uongo unahitaji heshima yake. "Libérat, sikia vizuri. Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Hii maneno isitoke mu kinywa yako. Wale askari wakisikia, bantu watakufa na njaa."

"Minye sitasema kitu. Nilitaka kujua tu."

"Sasa unajua. Inatosha?"

"Inatosha."

Aliapa kwa rozari yake. Na lazima nimpe haki yake: kiapo alikishika. Hakusema kitu kwa mtu yeyote. Aliuliza.

Mimi na Marie-Jeanne tulikubaliana mashini isikae tena pale. Mdogo wetu Olive, aliyeolewa Uvira, alikuwa amempatia dada nafasi ya kushonea sokoni kule, pembeni ya wauza vitenge. Shule zilitaka kufunguliwa na wazazi walikuwa wanatafuta mashati meupe na nguo za bluu. Jumamosi gari la muhogo lingepita kwangu. Mashini ingelala katikati ya magunia, na dada yangu angeifuata na watoto wake. Ilikuwa Jumatano. Marie-Jeanne alianza kuhesabu siku tatu zile kwa sauti ya chini, akishona vifungo kwa mkono, na nilimwona anatabasamu, jambo ambalo sikuliona tangu tuteremke milimani.

Alhamisi shemeji alikwenda bariyeri. Alikuwa na sababu nzuri: kutazama mashavu. Kila askari aliyepita alimchungulia shavu la kushoto, akitafuta lile kovu ambalo dada yangu alilibuni kwa kuchoka. Komanda wa pale, kijana wa kutoka mbali, aliyevaa saa tatu kwenye mkono mmoja, alimwuliza anatazama nini. Libérat alimwuliza kwa nini amevaa saa tatu. Komanda akacheka. Akampa kipande cha muwa, wakakaa pamoja, na mazungumzo yakaenda vizuri. Haya yote alinisimulia mwenyewe saa nane mchana, amesimama mlangoni kwangu na uzi wa muwa kwenye meno, ana furaha.

"Nikamuuliza, 'Komanda, kwenu bantu wanazikwaka bila matanga?' Akasema hapana, hata kwao hapana. Nikamuuliza, 'Sasa ukiona kaburi mupya, na hakuna muntu alilia, hiyo ni nini?' Akacheka sana. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, 'Hapa iko makaburi ya namna hiyo?'"

"Ukajibu nini?"

"Sikujibu kitu, shemeji. Nilikuapia. Nikamuuliza tu, 'Ile ya katekista umeiona?'"

Nasema wazi: nilitaka kumpiga kwa jembe. Jembe lilikuwa mkononi. Lakini jembe lilikuwa na kazi nyingine, nikakimbilia nalo shambani, na nyuma yangu nikamsikia Marie-Jeanne, ambaye alikuwa kwangu anatwanga, ameacha mchi unaanguka chini.

Nilichimba mpaka shimo likanifika magotini. Turubai lilikuwa limeanza kuonekana pembe moja niliposikia viatu kwenye majani ya muhogo. Walikuwa sita, na komanda mbele; walikuwa wamemfuata Libérat mpaka kwangu.

"Weye unafanya nini?" akauliza.

"Ninamuhamisha marehemu," nikasema.

"Ako na haraka?"

Askari wake wakacheka. Wakanitoa shimoni, wakamalizia wenyewe. Walivuta turubai, wakakata kamba, wakafungua kitenge, na mashini ikatokea juani, nyeusi, safi, uzi mwekundu bado kwenye sindano tangu siku ya kukimbia. Dada yangu alisimama pembeni ya shimo. Mikono ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Libérat alikuwa ametufuata, bila shaka. Kitu kinafunguliwa, yeye angekuwa wapi? Alichungulia kati ya mabega ya askari wawili, akaiona mashini, akamgeukia mke wake.

"Kumbe haikuibiwa?"

Marie-Jeanne alikuwa anajifuta unga mikononi.

"Na ule askari wa kovu?"

Komanda alicheka mpaka akashika tumbo. Alitaka aelezwe habari ya kovu, na Libérat, nasikitika kusema, alimweleza. Kisha mashini ikapandishwa kichwani mwa mtu mmoja waliyemkamata barabarani ili abebe. Dada yangu aliifuata kwa macho mpaka ikapita mwisho wa muhogo.

"Sasa njo imeibiwa kweli," akasema.

Komanda alikuwa amependa mchezo. Alimshika shemeji yangu begani, akasema huyu ni mtu wa maana, ana akili kuliko watu wote wa ujasusi, atembee naye. Tukaamriwa na sisi kufuata, tuchimbe. Walimfufua Habakuki, wakapata mabati kumi na manne. Walimfufua Sefania, wakapata taa ya kanisa na mizani. Walimfufua Bertrand, mume mpendwa, akatoka na chumvi magunia mawili, sabuni, na baiskeli ambayo askari mmoja aliipanda hapo hapo. Léocadie alikaa chini kwenye udongo uliolowa akajifunika uso na kanga. Kila mahali Libérat aliendelea kurudia kwa sauti ndogo, "Minye sikusema kitu. Niliuliza tu." Kila aliposema hivyo, nilitamani kuzaliwa tumbo lingine, nisiwe na dada wa kuolewa na mtu yule.

Kisha komanda akatoa sheria. Alisema atapita kwenye kila msalaba wa Sange, wa zamani na mpya. Mwenye kaburi alete mtu aliyekula matanga ya huyo marehemu, aseme alikula nini. Asiyekuwa na mtu, jembe litauliza. Alimpigapiga Libérat mgongoni aliposema hivyo, kwa sababu ni yeye aliyempa dalili.

Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya Libérat.

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na kaburi la mawe, na msalaba wa mti tu, bila ubao wa shule. Komanda akalionyesha kwa kidole. "Na hii?"

"Mama yangu," Libérat akasema.

"Nani alikula matanga?"

Mama yake, bibi Inamahoro, alikufa katika vita ya kwanza, asubuhi tuliyokimbia. Risasi ilipita ukuta wa miti ikampata amekaa anachambua mchele. Walimzika watu wanne, upesi, sisi wengine tukiwa tayari njiani kupanda mlima. Tuliporudi hapakuwa na maharagwe ya kupika wala mtu wa kualika. Libérat alisema tutafanya matanga mpunga ukivunwa. Mpunga ulivunwa. Akasema mwaka ujao. Yeye ambaye alikula matanga ya bonde lote hakumfanyia mama yake.

"Nauliza," komanda akasema. "Nani alimulilia huyu?"

Libérat alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hapakutoka swali. Alitutazama. Alimtazama Candide, akamtazama Léocadie, akanitazama mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama viatu vyangu. Nilinyamaza kwa raha. Nilijisemea, acha ajue ladha yake. Candide naye alikuwa ananyamaza, na yeye ni katekista. Askari mmoja akaondoa jiwe la kwanza, la kichwani, akalitupa kwenye migomba. Akaliondoa la pili.

"Minye nililia," akasema Marie-Jeanne.

"Weye ni muke wake. Nataka mwenye alikula."

"Walikula bengi. Nilipika maharagwe, sufuria mbili. Katekista njo aliongoza sala. Huyu mama alileta pombe ya kasiksi. Kaka yangu alikata kuni. Uwaulize."

Komanda akamgeukia Candide. Amri ya nane ilikuwa inameza mate. "Siku tatu," akasema mwishowe. "Tulisali siku tatu."

"Ile kasiksi ilikuwa kali," Léocadie akasema, bila kuondoa kanga usoni.

"Nilikula sahani mbili," nikasema mimi.

Lakini komanda hakuwa mjinga. "Hiyo maharagwe ilitiwa nini?"

"Ndagala," nikasema, wale dagaa wa ziwani.

"Mawese," Candide akasema, wakati ule ule.

Marie-Jeanne alitutazama kwa dharau ya mwanamke anayesikiliza wanaume wakizungumza habari za jikoni. "Mawese na ndagala," akamwambia komanda. "Weye kwenu munapikaka ndagala na maji?"

Jua lilikuwa kali, wabebaji walikuwa wamechoka, na mabati yalikuwa yanangojwa. Komanda alitazama saa zake, moja baada ya nyingine. "Muweke majiwe," akasema, wakaondoka. Mashini tuliiona mara ya mwisho ikivuka bariyeri.

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Tuliyarudisha mawe, na tulipomaliza tukabaki tumesimama kama watu waliosahau kitu. Léocadie ndiye aliyesema kwanza. Alisema uongo juu ya kaburi la mama mzee haufai kuachwa hivyo, lazima tuufanye ukweli kabla jua halijazama. Candide akaenda kuleta kitabu chake. Mimi nikapasua kuni. Maharagwe yalitoka nyumba tano tofauti, ya rangi tano, yakaingia sufuria mbili kama tulivyoshuhudia, na mawese, na ndagala kidogo. Kasiksi hatukupata, tukanywa maji. Majirani waliona moto, wakaja na mikeka bila kuuliza nani amekufa.

Jioni ile dada yangu alilia. Alilia kwa sauti, kichwa kwenye magoti, mpaka wanawake wengine wakanyamaza kumwachia nafasi. Libérat alikaa karibu naye muda mrefu. Nilimwona anasumbuka, anajikuna, anameza, kama mtu mwenye chafya. Nilijua haitakaa ndani.

"Mama Irankunda," akamwambia, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "unalia mama, ao unalia mashini?"

Marie-Jeanne akainua uso.

"Ninalia mashini," akasema. "Mama yako nilimulilia siku yake, minye peke yangu pembeni ya shimo, wakati weye ulikuwa unazunguka kuuliza bantu risasi ilitoka upande gani."

Nilichota maharagwe nikampa Libérat sahani yake. Aliishika kwa mikono miwili mpaka ikapoa.